Nani Atakuzika?

Kiswahili hakina neno la upole la kumwita mtu asiyeamini kuwa Mungu yupo. Tunalo "kafiri", ambalo masikioni mwa wengi ni tusi. Tunalo "mpagani", jina walilobandikwa bibi zetu, watu walioamini mambo mengi kuliko sisi wajukuu wao. Tunalo pia "mkanamungu", na hili ukilitazama vizuri limeshatoa hukumu kabla kesi haijasikilizwa, kwa sababu mtu hukana kitu kilichopo. Hukana deni, hukana mimba, hukana mtoto. Kwa hiyo anayefungua mdomo kusema "mimi siamini" anakuwa ameshaitwa mwongo na lugha yenyewe, mchungaji hata hajafika.

Naanzia hapo kwa sababu swali ninalotaka tulizungumze, ndugu msomaji, ni hili: muumini na asiyeamini wanaweza kukaa chini wakaongea habari za dini kwa hoja? Wengi wananiambia haiwezekani. Waumini husema imani haipimwi kwa akili. Wasioamini husema mtu aliyerithi dini kama alivyorithi jina la ukoo humwelezi kitu akaelewa. Mimi nasema inawezekana, na nimeiona kwa macho. Ila ina masharti, na sharti lililo kubwa kuliko yote halihusu akili hata kidogo.

Mimi ni mwalimu wa jiografia Katesh, chini ya Mlima Hanang. Nilizaliwa upande wa Mbulu, karibu na Dongobesh, nikabatizwa Kilutheri, nikapata kipaimara, nikaimba kwaya. Siamini. Hakuna siku niliyoamka nikaacha. Imani iliisha kama chumvi inavyoisha kwenye kopo, unagundua siku unayotia kijiko. Mjomba wangu, kaka yake mama, analima vitunguu swaumu Bashay na ni mzee wa kanisa kwa miaka mingi. Katika dunia hii hakuna mtu ninayebishana naye habari za Mungu kama yeye.

Ubishi wetu ulikuwa wa kawaida, wa kwenye chai, mpaka mlima uliposhuka.

Ilikuwa Jumapili ya Desemba 3, 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio. Mvua za El Nino zilikuwa zimenyesha mfululizo. Asubuhi ile sehemu ya Mlima Hanang ikameguka, na tope, mawe na magogo vikashuka hadi Gendabi, Katesh mjini na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Rais Samia alikuwa Dubai kwenye mkutano wa mabadiliko ya tabianchi. Alikatisha safari akarudi. Kulikuwa na uvumi wa volkano, kwani Hanang ni mlima wa volkano, lakini wataalamu wa serikali walisema hapana: ni miamba dhaifu iliyonyonya maji hadi ikashindwa kujibeba.

Katika wiki za msiba nilisikia maelezo ya aina tatu. Wapo wazee waliosema mlima umevunjiwa heshima. Kwa Wabarbaig Hanang ni mahali patakatifu, na kwao mlima usioombewa si kilima cha kawaida. Wapo wahubiri waliosema ni dhambi za mjini, baa na nyumba za wageni. Na tupo tuliosema ni maji. Kila kundi lilijieleza kwa watu wake, likaitikiwa na watu wake, likaondoka limeridhika. Huo haukuwa mjadala, zilikuwa kwaya tatu kila moja na ukumbi wake.

Mjomba alikuja kutoa pole kwenye msiba mmoja wa majirani zangu. Mhubiri mgeni akasimama, akasema waliokufa wawe fundisho kwa wenye dhambi. Mjomba hakusema neno pale, maana msibani hawajibizani. Jioni, nyumbani kwangu, akaomba Biblia. Ninayo, ya kipaimara. Akafungua Luka sura ya 13, habari ya mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu kumi na wanane, ambapo Yesu anasema wazi kwamba wale hawakuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Akanionyesha na mstari unaofuata, ule wa kutubu, kwa kuwa si mtu wa kuficha. Akasema, "Hiyo toba ni yetu sote, pamoja na yule aliyekuwa anahubiri. Siyo ya waliofukiwa na tope."

Nikafurahi. Nikasema, "Si ndiyo nilivyosema mjomba? Ilikuwa mvua tu."

Akaweka kikombe chini. "Mvua nimekubali. Mwamba kunyonya maji nimekubali. Hilo 'tu' umelipima kwa chombo gani?"

Nimefundisha jiografia miaka kumi na moja na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza swali kali kama hilo. Kipimo cha mvua kinaonyesha milimita. Hakionyeshi "tu". Neno hilo linasema kwamba baada ya milimita hakuna kingine cha kuulizwa, na hiyo ni hoja nyingine inayotaka ushahidi wake yenyewe. Nami nikamgeuzia: "Na yule anayesema 'ni mapenzi ya Mungu' amepima kwa chombo gani?" Akajibu, "Hajapima. Kwa hiyo naye anyamaze kwanza." Hapo mizani ilikuwa moja kwa wote wawili. Bila mizani moja hakuna majadiliano, ni kama kupima vitunguu vya jirani kwa gunia la lumbesa na vya kwako kwa kilo.

Nilimsimulia jambo lililotokea mbali na zamani. Novemba 1, 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko liliuangusha mji wa Lisbon huko Ureno, na maelfu ya watu walikufa, wengi wakiwa kanisani. Ulaya nzima ikaanza kuulizana Mungu alikuwa wapi. Voltaire aliandika shairi la uchungu akiwakejeli wanaosema kila kitu kiko sawa duniani. Mwaka uliofuata Rousseau akamwandikia barua. Wote wawili walimwamini Mungu kila mtu kwa namna yake, lakini Rousseau aliuhamisha mjadala: akasema si maumbile yaliyozirundika nyumba elfu ishirini za ghorofa sita na saba mahali pamoja. Laiti watu wangejenga kwa kutawanyika, maafa yangekuwa madogo.

Mjomba akacheka. "Huyo angefaa kuwa mwenyekiti wa kijiji." Kisha tukaanza kuhesabu: korongo lilipita wapi miaka ya nyuma, nani alijenga kwenye mkondo wake, miti gani ilikatwa mlimani, nani alipewa kiwanja mahali ambapo wazee walisema maji yana njia yake. Kumbe hata maneno ya wazee kuhusu heshima ya mlima yalikuwa na kitu ndani yake ambacho mwalimu wa jiografia anaweza kukitumia. Usiku ule tulikuwa watu wawili wenye swali moja, na swali lenyewe halikutuuliza nani anasali.

Utaniambia hayo ni rahisi, kwa sababu waliokufa wameshakufa na hoja yetu haibadilishi chochote. Sawa. Basi nikupe jambo ambalo hoja yake ilikuwa na mtoto ndani.

Mjukuu wa mjomba, binti wa binamu yangu, alianguka kifafa mara ya kwanza akiwa na miaka saba, jikoni, hatua moja kutoka kwenye mafiga. Huku kwetu kifafa si kitu cha kushangaza. Moja ya sababu zake inajulikana: mayai ya tegu la nguruwe, ambayo mtu akiyameza, lava wake wanaweza kwenda kukaa kwenye ubongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikagua nguruwe wa vijiji vya Mbulu ukakuta asilimia 17.4 wana lava hao, yaani karibu nguruwe mmoja kati ya sita. Nguruwe wanazurura, vyoo havitoshi, mikono hainawi, mzunguko unakamilika. Si kila kifafa kinatoka huko, lakini kinachotoka huko kingeweza kuzuiwa kwa choo. Hospitali ya Haydom imewatibu na kuwachunguza wagonjwa wa kifafa kwa miaka mingi. Nisisahau kusema kwamba hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei. Ninayoyajua kuhusu ugonjwa huu, mimi nisiyeamini, kwa sehemu nimeyapata kwa sababu watu wa sala walijenga hospitali porini.

Mtoto alipewa vidonge, akatulia. Halafu kikundi kimoja cha maombi kikamwambia mama yake kwamba mtoto ana pepo, na kwamba kuendelea na vidonge ni kumwambia Mungu hatumwamini. Akaacha kumpa. Dawa za kifafa haziachwi ghafla hivyo. Usiku mmoja mtoto alianguka mara tatu.

Tukaitwa kikao cha familia Bashay, Jumamosi. Nilifika nimekasirika na nikasema nilichokuja nacho: vidonge virudi, na hao watu wa maombi wasikanyage tena pale nyumbani. Binamu yangu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kaka, mtoto akianguka saa nane usiku, wanaokuja kunishikia ni mama wa maombi. Wanakuja na tochi, kwenye mvua. Hospitali yako saa nane usiku iko wapi? Na wewe mwenyewe uko wapi? Si uko Katesh?"

Watu hudhani muumini akibanwa hukimbilia hisia. Ile ilikuwa hoja, tena ya kuhesabika: saa ngapi, nani alikuja. Sikuwa na jibu lake mfukoni, kwa sababu mtu hasaidiwi na ukweli ulioko kilomita nyingi kutoka anapoangukia.

Mjomba ndiye aliyetuokoa. Alimgeukia kaka mmoja aliyekuja kuwakilisha kile kikundi. Akamuuliza kwa heshima zote, "Mtumishi, vidonge ni kukosa imani. Nimekuelewa. Na hiyo miwani?" Watu wakacheka, na yule kaka naye, Mungu ambariki (msemo tu huo, msinishike), akacheka. Kisha mjomba akaweka utaratibu. Kila mmoja aseme ni kitu gani kikitokea atakubali kubadili msimamo. Hilo ndilo jambo la busara kuliko yote niliyowahi kusikia kwenye kikao, na lilisemwa na mzee aliyemaliza darasa la saba.

Binamu akasema: mtoto akikaa vizuri wakati anameza vidonge na kuombewa, hatamsikiliza tena anayesema achague kimoja. Yule kaka akasema hatazuia vidonge, ila maombi yasizuiwe. Nikaulizwa mimi. Nikasema: akimeza dawa inavyotakiwa miezi mitatu na hali isibadilike, nitaacha kupiga kelele na tutarudi wote kwa daktari kuuliza upya. Likaletwa daftari la shule. Kila akianguka, alama. Kila akimeza, alama. Mama wa maombi ndio waliopewa zamu ya kukumbusha kidonge cha jioni, maana ndio walio jirani.

Mwezi wa kwanza alama za kuanguka zilikuwa nne, wa pili moja, wa tatu hakuna. Binamu akasema Mungu ni mwema. Nikasema vidonge ni vyema. Mjomba akafunga daftari: "Hili halikuulizwa nani asifiwe. Liliulizwa nini kifanyike."

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni hilo. Muumini na asiyeamini wanaweza kujadiliana kwa akili wakilishusha swali hadi mahali ambapo kila mmoja anaweza kukosolewa na jambo lenyewe, si na mwenzake. Anayekataa kushuka huko, awe na msalaba shingoni au awe na vitabu kichwani, anataka ushindi, hataki mazungumzo.

Lakini swali lenyewe je, lile la kama Mungu yupo au hayupo? Halina daftari. Hilo nalo tunaliongea. Siku moja nilimwambia mjomba kwamba yeye na mimi tunafanana sana. Bibi yetu wa Kiiraqw alimjua Lo'a, ambaye jina lake ndilo jina la jua, na kwa Kiiraqw hutajwa kama mwanamke. Alijua pia netlangw, roho wanaokaa kwenye chemchemi na mito. Mjomba haamini netlangw. Wakristo wa kwanza huko Roma nao waliitwa wasioamini miungu, kwa sababu waliikataa miungu ya mji. "Kwa hiyo mjomba," nikasema, "wewe umeikataa yote isipokuwa mmoja. Mimi nimeongeza mmoja tu."

Akafikiri kidogo. "Mpwa wangu, mwanaume aliyekataa wachumba tisa akamwoa wa kumi, utamwita kapera?"

Nimeshaisoma hoja ile niliyompa kwenye maandishi ya watu wengi, na majibu yake marefu pia. Sijakuta jibu zuri kama la kapera. Halithibitishi kwamba Mungu yupo. Linaonyesha kwamba kukataa vingi na kukataa vyote ni mambo mawili, na aliyedhani ni kimoja akajipange upya. Hivyo ndivyo mazungumzo ya akili yanavyokuwa: si lazima yamalizike, lakini baada yake kuna hoja moja mbovu imepungua duniani.

Msomaji wa riwaya za Kiswahili hatashangaa kwamba haya yanaongelewa kwa lugha yetu. Euphrase Kezilahabi alichapisha *Kichwamaji* mwaka 1974, na Kazimoto wake, kijana msomi, alihangaika na maana ya kuishi kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Anayedai kwamba mashaka yameletwa na intaneti hajasoma vitabu vya nyumbani. Ila Kazimoto hakufika uzeeni, alijiua. Ningependa mtu atuandikie riwaya ya mtu mwenye mashaka anayezeeka: anayelipa mchango wa harusi, anayekwenda kikaoni, anayelalamikia bei ya mbolea.

Na hapo ndipo lilipo lile sharti kubwa. Siku niliyosema wazi kwamba siendi tena kanisani, shangazi yangu hakunipa hoja hata moja. Aliniuliza, "Nani atakuzika?"

Asiye wa huku anaweza kudhani ni kitisho kidogo. Huku mtu ambaye bahasha zake za sadaka hazionekani anajua jeneza lake linaweza lisipite mlango wa kanisa. Kwaya haitakuja. Watoto wake watasimama kaburini wakiona haya. Sisi Wairaqw tunajua vizuri kutengwa ni nini. Tulikuwa na desturi ambapo nyumba iliyopigwa na kifo au unajisi mwingine ilikaa peke yake kwa miezi, haichangamani na majirani. Desturi hiyo imefifia lakini hofu yake haijafa. Kwa hiyo anayeulizwa "nani atakuzika?" anachoulizwa hasa ni kama yuko tayari kulipa kaburi lake kwa ajili ya hoja. Wengi hawako tayari, nao si wajinga. Wanainama, wanaitikia amina, na majadiliano yanaishia hapo bila kuwa yameanza.

Sheria inasaidia kidogo. Katiba yetu, ibara ya 19, inalinda uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini. Sensa zetu haziulizi dini tangu ile ya 1967. Jirani zetu Kenya, mwaka 2016, chama cha wasioamini Mungu kilisajiliwa, na mwaka huohuo usajili ukasimamishwa kwa hoja ya kulinda amani. Lakini hata katiba iwe nzuri namna gani, haibebi jeneza. Wanaobeba ni ndugu.

Na tusidhani hofu hiyo iko upande mmoja. Nimekaa na wasomi mjini wakamcheka mwenzao anayesali kabla ya kula, mpaka akaanza kusali macho wazi. Naye alikuwa anaulizwa swali lilelile kwa lugha nyingine: ukiamini hayo, nani atakuhesabu kuwa ni mtu wa akili?

Shangazi aliponiuliza, mjomba alikuwepo. Alijibu yeye. "Nitamzika mimi. Nikitangulia, na yeye ashike koleo kwenye kaburi langu, maana mikono anayo. Haya, endeleeni kuongea."

Tangu siku ile ndipo tumeweza kubishana kweli. Ninaweza kumwambia jambo zito kuhusu dini yake bila kuhesabu ni ndugu wangapi litanipotezea. Naye ananiuliza mambo ambayo mzee wa kanisa haulizi hadharani. Nadhani watu wanaosema mjadala huu hauwezekani wamekosea tu mahali ugumu ulipo. Wanautafuta kichwani, kwenye akili za muumini au kiburi cha asiyeamini. Ugumu uko kwenye mkeka: kama jibu langu linaweza kuniondoa hapo nilipoketi, sitakupa jibu langu, nitakupa lile linaloniacha nikae.

Kwa sasa nina deni kwake. Mara ya mwisho alinishika hapa: "Unasema mtoto wa kifafa ana haki, hata kama hatafaa kitu kwa yeyote. Haki hiyo nani kampa?" Nikasema tumepeana sisi watu. Akasema, "Basi tukibadili mawazo tunaweza kuichukua." Nikasema hapana, haichukuliki. "Kwa nini haichukuliki, kama ni yetu tuliyoitoa?"

Anataka jibu kabla ya kuvuna vitunguu. Ninalo nusu.